Kaburi la Nyuma ya Jiko

Ga-Seruthe
4 Machi 2006

Hunadi,

Mimi ni mzima. Goti linauma, lakini lilianza kuuma kabla hujazaliwa, kwa hiyo halikuhusu. Barua yako nimeikuta dukani kwa Mma Phaswane, bahasha iko wazi. Anasema ilifunguka yenyewe kwa joto. Sasa kijiji kizima kinajua kwamba umepasi hisabati na kwamba huko chuoni Pretoria unakula mkate mkavu. Siku nyingine paka gundi kama mtu mwenye akili. Na habari za kuninunulia simu koma nazo. Maneno ya simu yanapotea hewani, mtu akikudanganya huna cha kumwonyesha.

Jumatano alikuja kijana wa Kampuni ya mgodi, kofia ya njano, fomu mkononi. Kaingia uwanjani hata hajasema ni mtoto wa nani. Nikamwuliza, "Ninyi kwenu ni wa mnyama gani?" Akasema, "Koko, bibi yangu, mimi ni wa ofisi ya jamii." Nikamwambia, "Huyo mnyama sisi wa ukoo wa Nungu hatumjui." Akacheka, maskini, hakujua kama natania au namtukana. Akahesabu vyumba, akahesabu kuku, akahesabu mipichi yangu. Kisha akauliza, "Makaburi mangapi hapa nyumbani?" Nikasema moja, la babu yako. Akaandika moja. "Hakuna lingine, Koko?" Nikamwuliza kama masikio yake ni ya kuazima.

Ijumaa kukawa na mkutano. Kampuni inataka sisi nyumba sitini na tatu tuondoke ili shimo lao la platini lipite hapa tulipo. Watatupa nyumba za matofali kule bondeni, na shule ya madarasa kumi na manne. Sitini na wawili wametia sahihi. Mzee Maredi akasimama mbele ya watu, "Mokgaetji, shule ya wajukuu zetu umeikalia kwa makalio yako!" Nikamwambia, "Basi iko mahali penye joto kuliko kichwani mwako." Watu wakacheka, lakini si kwa wema.

Nyumba zenyewe nimeziona. Zimepangwa kama meno ya farasi. Choo kimo ndani, hatua nne tu kutoka kwenye sufuria! Lakini si choo kinachonizuia, usije ukawaza hivyo. Sitii sahihi. Sababu ninayo, na si ya masikio yako. Hujazaa.

Kula mboga.

Koko wako,
Mokgaetji


Pretoria
14 Machi 2006

Koko wangu, mtu wa Nungu,

Nakusalimu kwa magoti yote mawili, yangu yaliyo mazima na lako linalouma. Bahasha nimeipaka gundi mara mbili.

Koko, usinikasirikie. Mama Seipati wa ofisi ya jamii alinipigia simu hapa bwenini. Hakunitisha. Aliniuliza tu kama najua unachotaka, kwa sababu wao hawajui tena wakupe nini. Kampuni inanilipia masomo haya, Koko, na hata siku moja hawajanisimanga. Alisema wewe ukitia sahihi watu watahama Juni, na shule itafunguliwa Januari. Na nafasi ya mwalimu wa hisabati wameniwekea mimi, nikimaliza chuo mwaka huu.

Unakumbuka shule tuliyosoma? Wanne kitabu kimoja. Bati la darasa la tano lilipong'oka, tulikaa miaka miwili tukisoma jua likiwaka tu, wingu likikusanyika mwalimu anasema, "Haya, nyumbani." Mimi nilifika hapa kwa sababu ulinichapa. Wenzangu ambao hawakuwa na mtu wa kuwachapa wako wapi? Nataka kusimama katika darasa lenye paa.

Umesema sijazaa. Hilo limeniuma kidogo, lakini nimelimeza. Kama kuna jambo, niambie. Mama yangu aliponiacha mgongoni mwako, ulinilea ili nije kuwa nani kama si mtu wa kuambiwa?

Mjukuu wako,
Hunadi


Ga-Seruthe
29 Machi 2006

Hunadi,

Barua hii isome mlango ukiwa umefungwa. Ukimaliza, ichome.

Nimekaa siku tisa nikitafuta wa kumwambia badala yako. Mama mkwe wangu amekufa. Bi Mmaserole aliyeshika jembe siku ile amekufa. Mama yako ningemwambia akishakuzaa, akafa hata hujatolewa nje kuonyeshwa mwezi. Wanawake waliojua wamekwisha, nimebaki mimi. Desturi yetu inasema asiyezaa halisikii jambo hili. Naivunja mimi. Kosa ni langu, usilibebe.

Mwaka 1957, wakati wa kuvuna mtama, nilizaa mtoto wa kike. Miezi saba tu. Alipumua tangu ng'ombe walipotoka mpaka waliporudi. Watu husema watoto hao hawana kucha. Wangu alikuwa nazo, niliziangalia moja moja. Hakulia. Alinyoosha mguu mmoja, akaukunja, basi.

Mtoto wa namna hiyo hapelekwi makaburini. Wala hazikwi pakavu, maana nchi hukauka pamoja naye. Wanaume hawaambiwi. Wanawake wakubwa humlaza ndani ya chungu, wakamzika hapo hapo nyumbani penye baridi na unyevunyevu, asiende mbali na mama yake. Wangu yuko nyuma ya jiko, chini ya ukuta, pale ninapomwaga maji ya vyombo. Hapana jiwe wala alama. Hana jina, hawapewi. Msiba haukukaliwa. Siku ya tatu nilikuwa shambani nakata mtama, maziwa yananidondoka. Babu yako alikuwa migodini Johannesburg. Alipokuja Krismasi akaambiwa, "Haikushika." Akasema, "Aha." Akanipa blanketi alilonunua.

Kwa hiyo huyo ni mama yako mkubwa, umheshimu. Miaka arobaini na tisa hajakosa maji asubuhi na jioni. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unanicheka, "Koko anamwagilia ukuta." Nilikuchapa siku ile, na hukujua kwa nini.

Sasa umeelewa kwa nini nilimwambia yule kijana "moja". Ningefungua vipi kinywa changu mbele ya mwanamume, tena wa kuwa mjukuu wangu? Lakini kuandika si kusema. Wewe una kalamu. Nenda kwa huyo Seipati, ni mwanamke na amezaa. Andika kwenye karatasi yao: makaburi mawili. Wachimbe wanawake, alfajiri, na mimi niwepo.

Sijakataa kuhama. Mzee Maredi na aseme apendavyo. Ninachokataa ni kumwacha.

Siku utakayoniandikia "nimeandika", siku hiyo natia sahihi. Hata barua yenye neno hilo moja inatosha.

Koko wako,
Mokgaetji


Ofisi ya Jamii, Mgodini
11 Aprili 2006

Mpendwa Hunadi,

Ulipokuja Ijumaa nilikuomba unipe siku niulize kwanza. Mimi pia nimelelewa na bibi. Najua habari za vyungu, ingawa kwetu pia hatuzitamki.

Nimeuliza, bila kutaja nyumba ya nani. Kaburi lisilo na alama haliwezi kuhamishwa na familia. Sharti kibali cha serikali, sharti wataalamu wa mifupa wafukue, wapime, wapige picha. Wataalamu tunaowatumia ni wawili, na wote ni wanaume. Kibali hakipungui miezi mitano. Nyumba zote sitini na tatu zitangoja, kwa sababu tingatinga haliruhusiwi kuanza penye kaburi lililoandikishwa. Shule haitafunguliwa Januari. Labda mwaka unaofuata, kama fedha za ujenzi hazitapelekwa kijiji kingine. Nimeona zikipelekwa.

Na nikuambie kama dada yako. Mtaalamu mmoja alisema kwamba udongo ule mwekundu, kwa mtoto mdogo hivyo, baada ya miaka hamsini haubakizi kitu. Wangefukua wakute chungu kitupu. Bibi yako angesimama pale akiona.

Fomu nimeiacha kama ilivyo. Ukitaka niandike mbili, nitaandika mbili, na nitasimama nawe. Ukinyamaza, nami sitauliza tena. Nijulishe kabla ya Jumanne.

Wako,
Seipati Kgwedi


Pretoria
18 Aprili 2006

Koko wangu,

Nimeandika. Mbili. Tia sahihi.

Baridi imeanza huku, na mitihani imekaribia. Nitakuandikia vizuri baadaye.

Hunadi


Ga-Seruthe
6 Mei 2006

Hunadi, mtoto wa mtoto wangu,

Nimetia sahihi. Si kidole gumba kama Mzee Maredi, nimeandika jina langu zima, herufi zote, mpaka kalamu yao ikatoboa karatasi. Maredi akasema, "Hatimaye kuku ametaga!" Nikamwambia, "Jogoo angefanyaje?"

Leo nakuandikia kwa raha, usizoee.

Nilikwenda bondeni peke yangu kuangalia kiwanja changu. Nyuma ya jiko kuna bomba, nalo linavuja. Fundi wao alitaka kulikaza, nikamfukuza. Akasema, "Koko, maji yanapotea." Nikamwambia hayapotei, yanakwenda kazini. Hapo ndipo nitakapomweka. Udongo wake ni mzuri, mweusi, ukiushika unabaki mkononi. Hapa alipolala ni udongo mwekundu, sijawahi kuupenda.

Nimekwenda pia kwa yule mfinyanzi wa Ga-Mohlale, nimechukua chungu kipya. Akaniuliza, "Cha pombe au cha maji?" Nikasema cha maji. Alinitazama, ni mwanamke mkubwa yule, kisha akakipunguza bei na hakuuliza tena. Nimekibeba kichwani mwendo wa saa mbili. Goti halikuuma, amini usiamini.

Unajua nimegundua nini njiani? Kwamba mwaka ule sikumbeba. Walimchukua mikononi mwangu wakaniambia nigeukie ukutani, nami nikageuka, nilikuwa na miaka kumi na tisa. Safari hii nitambeba mwenyewe. Kutoka hapa mpaka bondeni ni mwendo wa saa moja tu. Sitaki gari lao.

Niambie siku. Nataka nifunge vitambaa vizuri kichwani.

Umefanya kazi ya mtu mzima. Nilikosea kusema hujazaa kana kwamba ni ila.

Koko wako,
Mokgaetji wa Nungu


Pretoria
3 Juni 2006

Koko wangu,

Samahani kwa kuchelewa, mitihani. Kuhusu ile siku, wamesema shughuli hiyo itafanyika baada ya ninyi kuhama, watu wakiwa hawapo, kwa heshima. Wataifanya wenyewe. Si lazima uwepo, Koko. Njia ni mbaya na goti lako si zima. Wewe hama kwa amani, watakuletea.

Nimefurahi kusikia habari za bomba.

Hunadi


Nyumba namba 41, Bondeni
2 Julai 2006

Hunadi,

Tulihama Jumatatu. Babu yako walimhamisha vizuri: hema, mchungaji, mbuzi, sanduku jipya lenye vishikio. Nilingoja sanduku la pili. Nikamwuliza Seipati, kwa macho tu. Akaangalia viatu vyake. Nikasema moyoni, ni kwa heshima, kama Hunadi alivyoandika.

Nikangoja Jumanne. Nikangoja Jumatano, chungu kiko mlangoni. Alhamisi nikakifunga mgongoni kwa shuka kama mtoto, nikapanda kwa miguu.

Jiko halikuwepo. Wala ukuta, wala mipichi. Tingatinga lilikuwa limeshapita, linarudi. Nikasimama mbele yake. Dereva akapiga honi, akatoa kichwa, "Koko! Unataka kufa?" Nikamwambia, "Zima hilo dude."

Walikuwa wanaume saba. Nikawaambia. Jambo nililomficha babu yako miaka yote ya ndoa, mpaka akaingia kaburini halijui, nimelisema mchana kweupe mbele ya wanaume saba wenye kofia za njano. Dereva akavua kofia. Akasema kwa upole, "Bibi, hapa kwenye orodha imeandikwa moja." Nikamwambia orodha yenu mbovu, mjukuu wangu ameandika mbili, ana elimu yule, si mtu wa kudanganya. Wakampigia Seipati simu. Dereva akasikiliza, akasikiliza. Kisha akaniambia, "Moja, Bibi. Haikuwahi kubadilishwa." Hakuniangalia.

Wakashuka wote, wakachimba kwa mikono na sepeto pale nilipowaonyesha. Lakini mimi mwenyewe sikuwa na hakika, udongo wa jiko ulikuwa umesukumwa mpaka zizini, wa zizini umefika kwa Maredi. Vigae tulivipata. Uwanja wa kale umejaa vigae, Hunadi, vya vizazi vyote vilivyovunja vyungu pale. Kila walichonipa nilikifuta kwa shuka nikadhani ni chake. Kimoja kina mstari mwekundu. Kimoja kimeungua. Nilikuwa nimegeukia ukutani, sikuwahi kukiona chungu chenyewe. Nitakijuaje?

Walichimba mpaka msimamizi alipokuja. Akasema muda umekwisha.

Sitaki maneno ya Seipati. Sitaki ya dereva. Uliniandikia "nimeandika", barua hii hapa ninayo. Niambie wewe.

Mokgaetji


Pretoria
11 Julai 2006

Koko,

Sikuandika.

Nilikwenda ofisini nikiwa na nia ya kuandika. Seipati aliponiandikia baadaye kwamba ni miezi mitano, na wanaume wawili na kamera, na shule kupotea, nikakaa siku kadhaa nikifikiri. Wakasema huenda hakuna kilichobaki. Nikalishika hilo. Nilijiambia kwamba hutajua. Nilijiambia kwamba ukikuta chungu kitupu utaumia zaidi. Nilijiambia mengi, lakini ukweli ni kwamba nilimpima mtu ambaye sikuwahi kumwona na watoto mia nne ninaowajua kwa majina, nikaona ni mwepesi.

Ulipoandika kwamba utambeba mwenyewe, niliisoma barua hiyo nikiwa nimesimama sehemu ya kufulia nguo, nikakaa chini sakafuni. Bado kulikuwa na wiki saba. Ningeweza kwenda hata siku ile. Sikwenda, kwa sababu ingenibidi kukuambia kwamba nimekudanganya.

Barua yako ya Machi sikuichoma kama ulivyoagiza. Nimeshindwa.

Nafasi ya kufundisha nitaikataa. Sistahili kusimama pale.

Nipige, Koko. Njoo unipige.

Hunadi


Nyumba namba 41, Bondeni
20 Januari 2007

Hunadi,

Barua zako sita zimefika. Nimefungua ya kwanza tu. Hizo nyingine sina macho nazo.

Sikuja kukupiga. Anayepigwa ni mtoto, na wewe umeshaamua mambo ya watu wazima.

Kampuni walikuja, watu watano na biskuti. Walisikitika, sisemi hawakusikitika. Wakasema wanataka lile darasa la chekechea liitwe kwa jina la mtoto wangu. Nikawaambia hana jina. Yule mwenye kalamu akaandika neno, akalifuta. Nikawapa chai wakaenda.

Wanawake wa hapa walinisengenya tangu Julai. Walisema nimefungua kinywa mbele ya wanaume, na mtoto amesukumwa na chuma, sasa tutaona ukame. Mma Phaswane alianza kuficha unga. Mimi niliungoja ukame huo, Hunadi. Niliungoja kama mtu anavyongoja barua. Nilisema nchi ikikauka, nitajua kwamba ameudhika, na mtu hawezi kuudhika kama hakuwa mtu. Oktoba ikanyesha. Novemba ikanyesha mpaka mahindi yakanipita kimo. Kila mtu anashukuru. Mvua ilikuja kama vile hakuna aliyeguswa.

Shule imefunguliwa wiki iliyopita. Ni nzuri. Sitasema uongo kwa ajili ya hasira. Paa haling'oki kwa upepo, kila mtoto ana kitabu chake, na kuna chumba kizima cha vichupa na moto wa bluu ambacho sikukielewa. Mtoto wa binti yake Maredi alinishika mkono akanionyesha dawati lake kana kwamba yeye ndiye aliyelichonga.

Mkuu wa shule akaja kwangu jana. "Koko, darasa la saba halina mwalimu wa hisabati. Tulimwekea Hunadi nafasi, akakataa. Kuna nini?" Nikamwambia nitauliza.

Basi nauliza. Nani amekupa ruhusa ya kukataa? Ulimtoa yule kwa ajili ya watoto hawa. Hukuniuliza mimi, hukumwuliza yeye. Haya, umeshamtoa. Sasa watoto wenyewe wamekaa darasani wanatazama ubao mweupe, na wewe uko Pretoria unalia. Ukikaa huko, atakuwa ametupwa bure, na hilo sitalikubali. Lingine nimelimeza. Hilo sitalimeza.

Njoo ufundishe. Uwafundishe kwa ukali, kama nilivyokufundisha mimi. Wakikosea, warudie.

Utapanga kwa Mma Phaswane, nimeshazungumza naye, kitanda kipo. Kwangu usipite. Sijui mpaka lini, usiniulize.

Ukinikuta njiani nisalimie, kama unavyomsalimia mtu mzima yeyote. Nitaitikia.

Mokgaetji